Kompyuta ndani ya kibodi: Raspberry Pi 400 kwenye chumba cha tehama cha shule ya msingi Dodoma

Boksi likifunguliwa, watoto huuliza kompyuta yenyewe iko wapi. Ndiyo hiyo kibodi. Raspberry Pi 400 ni kompyuta nzima iliyolazwa chini ya vitufe: prosesa ya kori nne ya GHz 1.8, RAM ya GB 4, Wi-Fi, na matundu yote yamepangwa mgongoni. Ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa dola 70 ikiwa peke yake, na dola 100 ikiwa seti yenye mausi, chaja, waya wa skrini, kadi ya SD ya GB 16 na kitabu cha mwongozo cha Kiingereza. Ikifika Dodoma, usafiri na ushuru vimeshaongeza chao, kwa hiyo piga hesabu kwa bei ya mkononi, si ya tangazo.

Skrini haimo. Kamati nyingi za shule hujikwaa hapo: bajeti inapitishwa kwa bei ya seti, mashine zinafika, kisha inagundulika hakuna pa kuziangalia.

Tathmini hii ni kwa shule inayotaka kufundisha tehama na usalama mtandaoni kuanzia darasa la nne, kwa chumba chenye mashine 8 hadi 12 na mkondo wa watoto 45 au zaidi. Kwa kazi hiyo mashine inafaa, na inafaa zaidi ya kompyuta nyingi za mitumba. Ila ikitumiwa kama ilivyotoka kwenye boksi, muhula hauishi kabla haijaanza kusumbua. Ina udhaifu wa aina tatu: umeme, kadi na saa. Yote matatu yana dawa ya bei rahisi. Upungufu wa nne, somo la usalama lenyewe, hauna dawa ya kununua.

Vumbi na joto

Hapa ndipo Pi 400 inapozipita kompyuta za mezani. Haina feni. Joto linabebwa na bamba pana la alumini lililo chini ya vitufe. Anayejua upepo mkavu wa kiangazi cha Dodoma anajua CPU ya mezani inavyofanywa na vumbi: feni inalivuta, linagandamana kwenye hitsinki (bamba la kupozea prosesa), mashine inaanza kujizima yenyewe, fundi anaitwa kuja kupuliza. Kwenye Pi 400 hakuna cha kupuliza. Prosesa hujipunguzia kasi ikikaribia nyuzi 80, lakini kazi za watoto haziifikishi huko hata Novemba chini ya mabati, ilimradi isiwekwe juani dirishani.

Vumbi litaingia kwenye vitufe na kwenye matundu ya nyuma. Kipande cha kanga kizito kikiifunika mashine jioni kinatosha. Kitufe kikifa, ujue kibodi haibadilishwi kirahisi kwa sababu ndiyo kompyuta yenyewe. Unachomeka kibodi nyingine ya USB na maisha yanaendelea, ingawa urembo wote umekwisha.

Kufunga mashine

Ukiitazama kwa nyuma, kutoka kushoto kuna pini 40 za GPIO (za kuchomekea vifaa vidogo vya elektroniki), kisha tundu la kadi, matundu mawili ya micro HDMI, tundu la umeme la USB-C, USB tatu na tundu la waya wa mtandao. Skrini moja inachomekwa kwenye HDMI0, lile lililo jirani na kadi. Ukichomeka kwenye lile la pili, huenda ukabaki na skrini nyeusi ukadhani mashine imekufa. Matundu haya ni madogo na hayapendi kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Chomeka mara moja, funga waya kwa zipu kwenye mguu wa meza, acha hapo.

Monita za zamani zenye VGA zinatumika, ila zinahitaji adapta ya kubadilisha HDMI kwenda VGA. Waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hausaidii. Chagua adapta yenye tundu la sauti, maana Pi 400 haina tundu la spika wala la hedifoni. Sauti hupita kwenye HDMI au USB tu. Televisheni ya inchi 32 yenye HDMI nayo inafaa, hasa kwa mashine ya mwalimu.

Kuwasha na kuzima ni kwa kitufe cha F10 chenye alama ya kuwasha na kuzima: kuzima ni Fn pamoja na F10, na ndivyo hivyo kuiwasha tena ikiwa imezimwa bila kuchomolewa. Fundisheni hili siku ya kwanza kabisa, kabla ya mausi, kwa sababu mtoto aliyezoea redio na TV atakwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani.

Umeme na kadi

Mashine inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya seti inatoa hivyo. Ikipotea, mtu ataleta chaja ya simu, mashine itawaka, na kwenye pembe ya skrini kitatokea kialama cha radi. Maana yake volti zimeshuka chini ya takriban 4.63. Haitalipuka, lakini Scratch, programu ambayo watoto watajifunzia kuandika programu, itaanza kukwama na kadi itakuwa hatarini. Andika namba ya mashine kwenye kila chaja kwa kalamu isiyofutika.

Kwa hesabu ya LUKU, mashine kumi hata zikila ukomo wa chaja zao ni wati 150. Ongeza monita kumi za LED za wati 20 hadi 25, chumba kizima hakizidi wati 400. Ni vigumu kupata chumba cha kompyuta za mezani za kawaida kinachokula kidogo hivyo.

Umeme ukikatika katikati ya kipindi, kinachoumia ni kadi ya SD. Mashine ikiwa inaandika kitu wakati huo, faili za mfumo zinaharibika na kesho yake haiwaki. UPS (betri ya akiba) ndogo kwa meza mbili mbili inampa mwalimu dakika za kusema "hifadhini, zimeni", lakini dawa ya kweli iko kwenye programu. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo raspi-config, ingia Performance Options, kisha Overlay File System, iwashe, na ukubali pia sehemu ya kuwashia mashine ifungwe isiandikwe. Kuanzia hapo kadi inasomwa tu. Kila kinachobadilishwa kinakaa kwenye RAM na kufutika mashine ikizimwa. Mtoto akifuta aikoni zote, akibadilisha picha ya nyuma kuwa ya mchezaji wa Simba, akiharibu mipangilio, zima na uwashe: mashine imerudi kama ilivyokuwa.

Bei ya raha hiyo ni kwamba kazi za wanafunzi nazo zinafutika. Hili huwatoa watoto machozi wiki ya kwanza. Kila kikundi kiwe na flashi yake ya GB 8, na amri ya darasa iwe moja: usipohifadhi kwenye flashi, hujahifadhi. Faili za Scratch zenye mwisho wa .sb3 ni ndogo, flashi moja inabeba kazi za mwaka mzima.

Fanya mipangilio yote kabla ya kuwasha overlay. Weka akaunti ya mwalimu yenye mamlaka na nyingine ya wanafunzi isiyo nayo, maana mtumiaji wa kwanza anaweza kubadilisha chochote kwa kuandika sudo. Kadi za seti za mwanzoni zilikuja na mtumiaji pi na neno la siri raspberry, na dunia nzima inajua. Utaratibu huo uliondolewa kwenye mfumo Aprili 2022. Kama kadi yako ni ya zamani, iandike upya kwa Raspberry Pi Imager, programu ya kuweka mfumo kwenye kadi. Ukimaliza kutengeneza kadi moja vizuri, ndiyo unayoinakili kwa nyingine zote, pamoja na mbili za akiba kabatini. Jihadhari na kadi feki za madukani: imeandikwa GB 64 kumbe ndani GB 8, na hugundui mpaka ijae.

Saa inayodanganya

Huu ndio udhaifu usioandikwa kwenye matangazo, na ndio unaogusa usalama mtandaoni moja kwa moja. Pi 400 haina saa yenye betri ndani. Ikizimwa, inasahau muda. Ikiwa na intaneti inajirekebisha; bila intaneti inaendelea kutoka muda uliohifadhiwa mwisho. Na ukiwa umewasha overlay, muda uliohifadhiwa mwisho ni wa siku ile uliyofunga kadi. Miezi sita baadaye mashine bado iko siku ile.

Sasa siku mwalimu anawasha hotspoti ili aonyeshe tovuti, kivinjari kinatoa onyo jekundu kwamba tovuti si salama. Tovuti haina kosa. Kivinjari kinalinganisha cheti cha tovuti na tarehe ya mashine, kinakuta cheti kimetolewa "kesho kutwa", kinakataa. Mwalimu aliyebanwa na muda anasema "bonyezeni endelea". Kwa neno hilo moja amewafundisha watoto 45 kupuuza onyo ambalo maisha yao yote wanatakiwa kuliheshimu.

Dawa ni moduli ndogo ya saa ya DS3231 yenye betri yake. Zima mashine, ichomeke kwenye GPIO kwenye pini 1, 3, 5, 7 na 9, yaani mwanzo wa safu ya namba witiri. Hakikisha pini 1 ni ipi kabla hujachomeka. Kwenye safu ya pili inakutana na pini za volti 5 na unaweza kuiunguza pamoja na mashine. Kisha ongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye faili la mipangilio la config.txt, ondoa fake-hwclock (programu inayoigiza saa) kama imo, washa upya, unganisha intaneti mara moja ili muda uwe sahihi, na uandike sudo hwclock -w. Ikishindikana kununua moduli kwa kila mashine, basi kila hotspoti inapowashwa subirini dakika moja hadi mbili tarehe irekebike ndipo kivinjari kifunguliwe.

Scratch kwa Kiswahili

Scratch ilitoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, na toleo la kwanza la umma ni la 2007. Toleo la 3 ni la Januari 2019. Imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake, juu kushoto karibu na nembo. Kwa shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza. Menyu za mfumo wa Pi wenyewe zitabaki Kiingereza kwa sehemu kubwa, lakini mtoto akishaingia Scratch hahitaji kutoka. Mwalimu apitie mwenyewe kabla ya somo vipande vyote, yaani amri ambazo mtoto huziunganisha kuwa programu, aone tafsiri imeviita nini. Rangi zisaidie pale maneno yanapogoma: buluu ni mwendo, zambarau ni mwonekano, njano ni matukio, kijani ni hesabu.

Inafanya kazi bila intaneti kabisa na bila akaunti, na kwa umri huu hiyo ni sifa kubwa ya usalama kuliko kichujio chochote. Vipande vya ziada vya kusoma maandishi kwa sauti na vya kutafsiri vinahitaji mtandao. Viondoe kwenye mpango wa somo.

Makosa ya watoto yanafanana shule hadi shule. La kwanza: paka, mhusika wa Scratch, anageuka kichwa chini miguu juu akigonga ukingo. Mtindo wa kuzunguka umeachwa wa pande zote. Weka wa kushoto na kulia. La pili: programu iliyofanya kazi vizuri mara ya kwanza haifanyi tena, kwa sababu paka amebaki kwenye kona alikoishia. Kila programu ianze kwa kumrudisha x 0, y 0. La tatu ndilo zito: kipande cha "kama" kinawekwa nje ya kitanzi kisichoisha, basi kompyuta inauliza swali mara moja tu, sekunde ile bendera ya kuanzisha programu ilipobonyezwa, haiulizi tena. Hapa usimwonyeshe mtoto jibu. Msimamishe mwenzake mlangoni, mwambie aangalie nje mara moja na kutoa taarifa ya nani kapita leo. Ataelewa.

Jukwaa lina upana wa 480 na kimo cha 360, sifuri iko katikati, kwa hiyo kushoto na chini ni namba hasi. Watoto ambao hawajafika namba hasi darasani watakwama. Aidha anza na mwendo wa hatua tu, au chora mstari wa namba sakafuni kwa chaki.

Kwa mashine kumi na watoto 45, kuna wanne au watano kwenye kila meza, na hao ni wengi mno. Gawa darasa nusu kwa nusu: nusu kwenye mashine, nusu kwenye kazi ya karatasi ya usalama (inakuja hapa chini), kipindi kinachofuata wabadilishane. Mezani, mmoja ni dereva, anashika mausi na hasemi. Wa pili ni kondakta, anatoa maelekezo na hagusi. Akiwepo wa tatu ni mkaguzi, anasoma karatasi ya kazi. Kila dakika tano kengele, wanabadilishana. Bila kengele, mwenye simu nyumbani atashika mausi kipindi chote.

Usalama mtandaoni haumo kwenye boksi

Muuzaji akikwambia seti hii "inafundisha usalama wa mtandao", anakuuzia hewa. Kitabu cha mwongozo ni cha kufunga mashine na kuandika programu. Somo la usalama ni la kutengeneza mwenyewe, na sehemu kubwa haihitaji hata umeme, kwa sababu hatari ya mtoto wa darasa la nne wa Nkuhungu au Ihumwa haiko kwenye Pi 400 ya shule. Iko kwenye simu ya mama anayoazimwa jioni.

Anza na namba ya siri. Ubaoni: tarakimu nne, kila nafasi ina chaguo 10, yaani 10 × 10 × 10 × 10 = 10,000. Kisha uliza mtu akitumia mwaka wa kuzaliwa, kuanzia 1950 hadi 2019, mwizi ana chaguo ngapi? Sabini. Hesabu hiyo darasa la tano wanaiweza, na haisahauliki. Onyo: usiseme kamwe "nipeni mfano wa namba ya siri". Watataja ya mama, kwa sauti, mbele ya wenzao. Toa mifano ya kubuni wewe. Kwa neno la siri refu, maneno manne yasiyohusiana, kama mbuyu, sahani, kengele na tisa, mtoto anayakumbuka kuliko fujo la herufi na alama.

Kazi ya pili ni kadi kumi na mbili za karatasi, kila moja na ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii", "Hongera, umeshinda", "Naomba namba sita zilizoingia kwenye simu yako, nimekosea", "Mwalimu kasema kesho mje na rula", na kadhalika. Watoto wazipange mafungu matatu: salama, ya kumwonyesha mkubwa, ya kutojibu kabisa. Changanya na zilizo salama kweli, angalau nne, la sivyo wanajifunza kuweka zote kwenye fungu moja bila kusoma. Ile ya namba sita ielezwe vizuri: ndiyo njia ya kuteka WhatsApp ya mzazi kupitia mtoto aliyeshika simu. Wajue pia kwamba ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040, na kwamba 116 ni simu ya mtoto, bure. Namba hizo mbili zibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa.

Ya tatu ni picha. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye nembo inamwambia mgeni mahali mtoto huyo alipo kila siku saa mbili asubuhi. Hili liwahusu na walimu wanaorusha picha za darasa kwenye magrupu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na shule nayo inashika taarifa za watoto. WhatsApp, TikTok na Instagram zinataka miaka 13. Mtoto wa miaka 10 mwenye akaunti ameanza kwa kudanganya umri, na ni bora kulijadili hilo bila kumwaibisha mtu.

Siku mkiunganisha intaneti, weka DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) ya 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye ruta na kwenye kila mashine. Hii ya Cloudflare huzuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. Ukiiweka kwenye ruta peke yake, mashine ikihamia hotspoti ya simu ulinzi umeisha. Wala haichuji maoni na jumbe ndani ya tovuti zinazoruhusiwa, kwa hiyo skrini zote ziangalie upande ambao mwalimu anasimama, yaani migongo ya watoto ielekee katikati ya chumba.

Mbadala

Kompyuta za mitumba zenye Windows 10 zitaonekana nafuu na huja na skrini. Msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na nyingi haziwezi kupanda kwenda 11. Kwa chumba kisichounganishwa intaneti zinatosha, na Scratch inaingia. Kwa kinachounganishwa, ziwekewe Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Tableti ni nyepesi kuanza nazo, lakini mtoto anamaliza shule ya msingi hajui kuandika kwa kibodi, na betri zikichoka hazina mrithi. Pi 500 iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 90 ina GB 8, kasi zaidi na kitufe halisi cha kuwashia, lakini kwa Scratch ya darasa la tano tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Kama pesa ya mashine kumi ipo, nunua nane. Inayobaki iende kwenye adapta za VGA, moduli za saa, flashi, kadi mbili za akiba na kufuli: upande wa nyuma kuna tundu la kufuli ya Kensington. Itumike, kwa sababu kompyuta hii inaingia yote kwenye begi la shule.